Viazi Vilivyovunwa kwa Chini

Mashimo ya Bi Kazija yalikuwa hayana mwisho. Sitii chumvi! Ukitumbukiza kijiwe unakisikia kinagonga, kinagonga tena, halafu unakisubiri kigonge mara ya mwisho na hukisikii. Kinakwenda zake tu.

Na humo ndo alimokuwa akipanda viazi vikuu.

Mtu wa mjini atauliza, mbona apande kiazi kwenye shimo la jiwe na mashamba yapo? Mashamba gani? Nyuma ya Chwaka, kijiji cha Unguja, ukishaiacha minazi ya pwani ukaingia ndani, ni maweni matupu. Jiwe juu ya jiwe, na kila jiwe lina meno. Ukivaa makubadhi mapya asubuhi, jioni unarudi nayo yamekuwa wavu. Udongo umo kwenye matundu tu, kwa hiyo mtu wa maweni halimi shamba, analima matundu. Tundu fupi anatia muhogo. Lenye kivuli na unyevu anatia majimbi. Na lile refu, linalokutisha ukilichungulia, hilo ndo la kiazi kikuu. Unalijaza makumbi ya nazi, majani makavu, mavi ya mbuzi, juu udongo mwekundu, halafu unakiweka kichwa cha kiazi taratibu kama unamlaza mtoto. Mvua ikinyesha, jani linapanda juu kutafuta jua, na kiazi kinashuka kutafuta sijui nini. Palipo na njia, kinapita.

Na vya Bi Kazija havikuwa kama vya watu wengine. Ukikipasua, ndani ni zambarau, zambarau kama wino umemwagika. Kikipikwa chungu kimoja na kitu cheupe, chote kinageuka rangi. Ramadhani ikifika, wanawake wa mjini wakivigombania sokoni Darajani wakavipike kwa nazi. Mbegu aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Mbegu yenyewe ni kile kichwa. Kichwa hakiliwi. Unakata kiwiliwili, pale palipokatwa unapapaka jivu pasioze, halafu kichwa unakirudisha ardhini kikaanze upya.

Kila mwaka kabla ya masika, aliyekuja kumsafishia mashimo ni Mabrouk. Huyu alikuwa hamali wa bandarini, mtu wa makamo, babu zake walitoka bara, yeye mwenyewe kazaliwa mjini na akilala huko huko, mtaa wa Malindi, chumba cha nyuma ya ghala la karafuu. Majira yakifika anamwachia mwenziwe mkokoteni, anakuja Chwaka na mtaimbo begani, anakaa mpaka mvua ya mwanzo ndo anarudi. Mikono mikubwa kama makasia, na mdomo hauna kufuli. Bi Kazija alikuwa mjane, hana mtoto, hana kaka, na Mabrouk alimhesabu kuwa ndo kaka. Hilo lishike, kwa sababu ndo lililoyaharibu mambo. Mtu usiyempenda akikuibia, unakasirika ukalala. Umpendaye hakuachi ulale.

Mwaka huo ulikuwa wa hamsini na tatu. Kaskazi imeanza kuchoka, watu washafyeka na kuchoma, maweni yote meusi na moshi umelala chini hautaki kuondoka. Bi Kazija akamchukua mdogo wake, Wanu, wakaenda kutoa viazi vya mwaka uliopita, maana viazi hivi huachwa humo humo ardhini mpaka masika mapya yakaribie.

"Chimba wewe dada," alisema Wanu, "mie nna mimba."

"Mimba ya nani, na mumeo yuko Mombasa tangu masika ya mwaka juzi?"

"Ndo maana nzito."

Bi Kazija alicheka mpaka akakaa chini. Akaanza kuchimba anacheka bado. Akapenyeza vidole chini ya kichwa cha kiazi, akajipanga miguu kwa ule uzito, akavuta.

Kichwa kikatoka. Chepesi! Kama unamvua mtu kofia.

Chini yake hapana kitu. Ni udongo laini, umebonyea kidogo. Akakigeuza kichwa akaangalia. Kilikuwa kimekatwa, mkato mmoja, safi, wa kisu kikali. Na mkato wote ulikuwa umepakwa jivu.

"Nani kashavuna?" aliuliza Wanu.

Bi Kazija akakitia kichwa kikapuni. Akaenda shimo la pili, kichwa kikatoka hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Shamba zima, jua mpaka limefika utosini, hawakupata kiazi hata cha kutia kwenye sufuria. Vichwa tu, vimepangwa kwenye kikapu, kila kimoja na jivu lake.

Wanu akakichukua kimoja akakinusa. "Dada. Jivu la leo hili. Lina joto."

"Jua hilo."

"Si jua." Akakirudisha kikapuni upesi, akajifuta mkono kwenye kanga. Halafu, kwa vile Wanu hawezi kukaa kimya akiogopa, akafanya mzaha. "Haya, mwizi mwenye adabu huyu. Kala nyama, karudisha kichwa, kafunga na jeraha. Bado kukuletea salamu tu. Nani anayekujua hivyo, kama si Mabrouk?"

Alisema kwa mzaha, wallahi ulikuwa mzaha mtupu. Lakini Bi Kazija alisimama pale na jembe mkononi, akatazama mashimo yake moja moja, na neno likamwingia. Nani anayajua yote yalipo? Nani anaujua mpaka huo mkato?

Mabrouk mwenyewe akaja siku ile ile jioni, mtaimbo begani, anaimba. Bi Kazija akamwekea kikapu miguuni.

"Nini hivi?" alisema Mabrouk. "Mbona umekata bila ya mie kuwepo?"

"Nilikata mie?"

Mabrouk akachutama, akageuza vichwa, akacheka. "Mkato mzuri. Huyu fundi. Angalau kakuachia mbegu."

"Unacheka?"

"Sasa nilie? Bi Kazija, wacha macho hayo. Unanidhani mie? Mie nikikuibia, ntakaa nikupakie na jivu?"

"Nani mwengine ajuae?"

Mabrouk akasimama. Uso ule wa mzaha ukamwondoka wote, ikawa kama taa imezimwa. "Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote, nimekula kwako, nimelala ukumbini kwako." Akaunyanyua mtaimbo wake, akaufikiria, akauegemeza mlangoni. "Bakia nao. Usije ukasema na huo nimekuibia." Akarudi mjini usiku ule ule kwa miguu, hakungoja gari.

Sasa hapa ndo Bi Kazija alipokosea. Badala ya kulala, akapiga hodi kwa Maalim Matar.

Maalim Matar alisomesha watoto Kurani chuoni, mtu mwembamba, akisema nawe anaangalia vidole vyake. Akaambiwa habari yote. Akaambiwa anatakiwa asome Halbadiri, ile dua nzito ya kumshitaki mwizi kwa Mungu, ambayo mtu wa Unguja akiisikia tu anarudisha hata asichokiiba.

"Kwa viazi, Bi Kazija?"

"Kwa mbegu ya mama yangu."

"Mbegu unayo. Umerudishiwa."

"Maalim, utasoma au niende Makunduchi nikatafute mwengine?"

Maalim akakohoa. "Hii si mbwa, ukaweza kumwita arudi. Ikitoka imetoka. Na haifuati maneno, inafuata nia. Iangalie nia yako."

Bi Kazija akasema nshaiangalia, soma. Ikasomwa barazani kwake baada ya alasiri, ubani unafuka, majirani wamekaa na mashekhe wawili wamealikwa. Ilipofika pa kutaja, Bi Kazija akatamka kama alivyofundishwa: aliyekata viazi vyangu, chakula kisimpite kooni mpaka mie nimradhie. Hakutaja jina. Lakini wakati mdomo unasema "aliyekata", macho yake yaliyofumba yalimwona Mabrouk, na mikono yake ile, na mtaimbo mlangoni.

Wiki haikupinduka, habari zikaja kutoka mjini. Mabrouk hali.

Si kwamba hataki. Anatia tonge mdomoni anatema, anasema udongo. Wali udongo, samaki udongo, maji yenyewe yana mchanga. Hospitali wamemtazama wasione kitu. Chwaka nzima ikasema, mnaona? Halbadiri imemkamata! Wanawake wakampongeza Bi Kazija kisimani. Siku ya kwanza alijisikia vizuri. Siku ya pili akapika, akaiangalia sahani yake, chakula akawapa kuku.

"Umefurahi sasa?" Wanu alimuuliza. Hakuwa anatania.

"Arudishe nimsamehe."

"Atarudisha nini dada, na yeye kinywa hakifunguki? Atakufa yule."

Bi Kazija akauchukua ule mtaimbo wa Mabrouk akaenda shamba. Mvua haingoji mtu. Mashimo yalitaka kusafishwa, makumbi ya zamani yaliyooza yatolewe, mapya yatiwe, na aliyekuwa akiyafanya hayo yuko kitandani Malindi. Wanu akamfuata kwa sababu moyo ulikataa kumwacha peke yake.

Wakafanya kazi mpaka karibu na adhuhuri. Jua kali, hakuna upepo, hata nzi hakuna. Wanu akaenda kutafuta maji. Bi Kazija akabaki kwenye lile shimo kubwa la katikati, anauchomeka mtaimbo kuulegeza udongo wa chini, anauinua, anauchomeka, na mara moja tu mtaimbo haukukuta kitu. Ukamponyoka. Ukazama wote.

Akangoja ugonge.

Mtaimbo wa chuma, mzito ule, jamani! Ungevunja jiwe. Haukugonga popote.

Kilichokuja badala yake ni upepo. Upepo wa baridi, kutoka chini, ukampiga usoni, na ndani ya upepo mna harufu. Moshi wa kuni. Na tui la nazi. Na viazi vinavyoiva.

Bi Kazija akalala kifudifudi juu ya jiwe la moto akachungulia. Mwanzo kiza. Halafu jua lile la utosini likapenya kwenye tundu, likashuka kama kamba, na akaona.

Kulikuwa na uwazi mkubwa huko, mkubwa kuliko msikiti. Kwenye dari yake, yaani chini ya tumbo lake yeye mwenyewe, vilining'inia vizizi vyeupe kila palipokuwa na shimo lake moja. Ndo akaelewa. Viazi vyake havikuishia kwenye udongo. Vilipita. Vilitoboa vikatokea huko kama miguu ya watu waliokaa darini, na vimekatiwa huko, kisu kikavifuata kwa chini mpaka shingoni. Juu hapajaguswa. Ule udongo ulibonyea kwa sababu kilichoubeba kiliondoka.

Sakafu ya huko chini ilikuwa ya mchanga. Na ilikuwa imefagiliwa. Mistari ya ufagio ilionekana wazi, nusu duara, nusu duara, kama ukumbi wa mwanamke anayejiheshimu. Mtaimbo wa Mabrouk haukuwa umelala. Ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Sasa wewe ungefanya nini? Bi Kazija alifanya kile alichozoea tangu mtoto, kwamba ukichungulia kwa watu, lazima useme. Mdomo ulisema wenyewe.

"Hodi."

Akatega sikio.

"Hodi hapa."

"Karibu," ikajibu sauti.

Ya mwanamke. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndo lililomtetemesha. Sauti ya jirani, ya mtu yuko jikoni mikono imejaa unga hawezi kutoka.

"Nani wewe?" aliuliza Bi Kazija.

"Sie."

"Nyie nani?"

"Sie wa hapa."

Akataka kunyanyuka akimbie, akabaki pale pale. Akasikia anasema, "Viazi vyangu. Mmekata nyie?"

"Vimetokea kwetu," ilisema sauti, kwa upole kabisa. "Tawi la jirani likiangusha uani kwako, si unaokota? Miaka yote vilikuja vifupi, tukivitazama tu. Mwaka huu vikafika mkononi. Tukasema, leo tumekumbukwa. Tukakata, vichwa tukakuachia, tukavipaka jivu visikuharibikie. Tulikosea wapi?"

Bi Kazija akasogeza sikio karibu na tundu.

"Mbona ukatusomea?" ilisema sauti. Na hapo ikatetemeka kidogo. "Watoto hawali. Wakitia mdomoni wanasema udongo. Turadhie, jirani. Watoto hawali."

Wanu alimkuta dadake bado amelala juu ya jiwe, shavu limechomwa na jua, macho wazi.

"Dada! Unazungumza na nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Na kabla Bi Kazija hajajibu, kutoka ndani ya shimo ikasikika sauti ya ufagio. Shwaa. Shwaa. Mtu anafagia, hana haraka. Wanu akadondosha mtungi, ukavunjika, maji yakakimbilia shimoni, na ufagio ukasimama. Wakasikia mtu huko chini anacheka kwa furaha, kama aliyemwagikiwa na mvua ya kwanza.

Walikimbia mpaka kwa Maalim Matar bila viatu.

Maalim aliwasikiliza anaangalia vidole vyake. Hakuuliza kama wameona kweli. Aliuliza jambo moja tu. "Wakati nasoma, moyoni ulimweka nani?"

"Mabrouk," alisema Bi Kazija.

"Na mdomoni?"

"Aliyekata."

"Basi imekwenda kote kuwili. Mdomo umewapata waliokata. Nia imempata asiyekata." Maalim akavuta pumzi. "Yule hana la kurudisha, kwa hiyo haitamwacha. Itamla mpaka imalize."

"Isome irudi, Maalim!"

"Nilikwambia si mbwa. Njia ni moja. Uwaradhie kwa mdomo wako, mbele ya watu wale wale waliokuwepo, na uliowasomea wawepo, wasikie kwa masikio yao. Yeye na wao."

"Wao?" alisema Wanu. "Watapanda barazani, Maalim? Tuwatandikie jamvi?"

"Tutakwenda sie kwao," alisema Maalim, na sauti yake ikawa ndogo.

Asubuhi Bi Kazija akashukia Darajani, akakata vichochoro mpaka Malindi. Nyuma ya ghala kulikuwa na giza la mchana, karafuu zinawasha pua. Mabrouk alikuwa kwenye kitanda cha kamba. Kila kitu chake kimepungua isipokuwa mikono. Ile mikono mikubwa ilikuwa imelala juu ya kifua kama si yake, kama kaazimwa.

"Kaka Mabrouk. Hujambo?"

Akafungua jicho moja. "Umekuja kuangalia kama nshakufa? Bado. Rudi kesho."

Bi Kazija akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akamweleza yote, la shimo, la dari, la sauti. Akaomba radhi. Akasema kuna gari linangoja, watu watambeba, yamalizwe leo leo.

"Sendi," alisema Mabrouk.

"Kaka, utakufa."

"Ntakufa. Na wewe utaishi nalo. Mie mtu wa kubeba mizigo, Bi Kazija, nshabeba mingi. Huu nakuachia wewe."

Alilia, akamsihi, akamshika miguu. Mabrouk akageukia ukuta. Nje makuli wanapita na magunia, wanataniana. Bi Kazija akanyanyuka. Akafika mlangoni. Na pale, si kwa hila, kwa kukata tamaa tu, akasema, "Na wale watoto je?"

"Watoto gani?"

"Wa huko chini. Nao hawali. Wanasema udongo, kama wewe. Bila ya wewe kuwepo hawafunguliwi."

Mabrouk alikuwa bado kauelekea ukuta.

"Watoto wa nani hao?"

"Sijui, kaka. Wallahi sijui ni wa nani."

"Wadogo?"

"Sijawaona."

Kitanda kikalia. Mabrouk alikuwa anajaribu kugeuka. "Nnaijua ladha ile," alisema. "Mtu mzima hawezi kuivumilia. Sasa mtoto..." Akanyoosha ule mkono mkubwa. "Nishike. Kwako wewe sijaradhi bado. Nnakwenda kwa watoto."

Wakambeba mpaka kwenye gari, na kutoka Chwaka wakambeba kwenye kitanda kile kile, juu ya meno ya maweni, wanaume wanne wanapokezana. Wale wote waliokuwepo barazani walikuja, na wengine walikuja kutazama. Mikeka ikatandikwa kuzunguka shimo la katikati. Ilikuwa mchana mweupe, na mawingu ya masika yamejipanga mbali. Watu wakikaa, wakichekana kwa sauti za chini. "Tumekuja kuwaombea viazi?" alisema mmoja. "Mwache," alisema mwengine, "mwanamke kapigwa na jua."

Maalim Matar hakuchekwa wala hakucheka. Akamwashiria Bi Kazija.

Bi Kazija akasogea ukingoni mwa shimo, karibu sana, Wanu amemshika kanga kwa nyuma. Akamtazama Mabrouk kwanza. "Kaka Mabrouk," alisema, "hukuniibia. Nimekudhulumu. Sina ninalokudai, na wewe unanidai mpaka siku ya kiyama." Watu wakaacha kuchekana. Halafu akaliinamia shimo. "Na nyie jirani. Mlichokula ni halali yenu. Nimeradhi. Leo na mwakani, kitakachofika kwenu ni chenu. Kuleni na watoto wenu."

Shimo halikusema kitu. Yule aliyetania akavuta pumzi kutaka kutania tena.

Maalim akainua mikono, akaomba. Aliomba maneno machache, ya kawaida, ya kila Ijumaa: kila aliyefungwa kinywa kwa dua yetu afunguliwe, kila mwenye njaa ashibe. Akanyamaza.

"Amin," wakasema watu.

"Amin," ikasema ardhi.

Na usiniambie mwangwi! Mwangwi hurudisha sauti yako. Hizi zilikuwa sauti nyengine. Za wanawake, za wazee wenye kukwama koo, na za watoto, watoto wengi, zile amin zao za kuvutana ambazo mtoto huzipiga kwa nguvu apate kusikika. Zilitoka kwenye shimo la katikati. Halafu zikatoka kwenye shimo la pili, na la tatu. Halafu kwenye matundu ya muhogo, ambayo yalikuwa mafupi na kila mtu alijua yana mwisho. Halafu chini ya mikeka yenyewe, waliyoikalia. Mtu mmoja akanyanyua mkono wake kutoka chini kama kagusa kaa la moto.

Amin ile ikaondoka pale ikaenda. Unaisikia inakwenda! Ikapita chini ya njia ya kisimani. Ikapita chini ya jiwe kubwa wanapochezea mbuzi. Ikaelekea kijijini, inapokewa na wengine na wengine, kila wanaopokea wako mbali zaidi na ni wengi zaidi, kama safu za waliosali nyuma kabisa, ambao hawamwoni imamu na wanamfuata kwa kusikia tu.

Wanu alikuwa na bakuli la uji. Akampelekea Mabrouk mdomoni, kwa sababu hakujua la kufanya jengine. Mabrouk akauzungusha kinywani. Watu wote wakamtazama koo. Koo likapanda, likashuka.

"Hauna sukari huu," alisema Mabrouk. Machozi yanamtoka, na akaushika ule mkono wa Wanu na bakuli lake akanywa mpaka chini.

Siku nyengine wangepiga vigelegele. Hakuna aliyepiga. Maalim Matar alikuwa bado ameinua mikono, hajaishusha usoni, maana dua haifungwi mpaka waitikiaji wamalize. Wa juu walishamaliza kitambo. Wakakaa juu ya mikeka, miguu wameikunja chini ya kanga na vikoi, wanasikiliza, na sauti sasa ilikuwa mbali kabisa, iko chini ya nyumba zao, chini ya majiko walikoacha sufuria motoni na watoto wamelala, inaitikia na kuitikia.

"Wangapi hawa?" Wanu alinong'ona.

Mabrouk akafuta mdomo. "Wape nafasi wamalize," alisema. "Walikuwa na njaa."